Mizani Haina Upendeleo: Historia Iliyomo Ndani ya Peni



Kamati ya jarida iliponiomba makala, najua wengi mlitegemea niandike habari za shinikizo la damu na kisukari, maana hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku. Mwaka huu mniwie radhi. Nitaandika habari za peni, ile senti moja ya Marekani tunayoiacha kwenye vikombe vya gari na chini ya makochi. Afya nayo sikuisahau, mtaikuta mbele.

Sababu ya kuandika ni mzee wetu mmoja, ambaye ameniruhusu nisimulie bila kumtaja jina. Alinunua peni moja ya mwaka 1943 kwa dola 900. Aliambiwa ni ya shaba, ni adimu, na kwamba akiiuza vizuri ataweza kujenga nyumba huko nyumbani na chenji ibaki. Dola hizo alikuwa amezidunduliza kwa ajili ya ada ya mjukuu wake. Aliniletea jioni moja, imefungwa ndani ya leso, akitaka mwanangu amsaidie kutafuta mnunuzi. Nikachukua sumaku iliyokuwa mlangoni pa friji, nikaisogeza karibu. Ile peni ikarukia sumaku na kunata.

Shaba hainati kwenye sumaku. Mzee alielewa kabla sijasema kitu. Aliikunja leso yake taratibu, akaomba maji ya kunywa. Mjukuu alilipiwa ada baadaye, kwa mchango wa ndugu, lakini mzee alikaa miezi akiona haya kuja kwenye mikutano yetu. Naandika ili asipatikane mwingine, na pia kwa sababu niliposoma kwa nini peni ile ilinata, nilikuta historia ndefu inayofika mpaka kwetu Tabora.

Kwa nini mwaka 1943

Peni yenye sura ya Rais Abraham Lincoln ilianza kutolewa mwaka 1909, kuadhimisha miaka 100 tangu azaliwe. Kwa miaka mingi ilikuwa karibu yote ni shaba: asilimia 95 shaba nyekundu, na asilimia 5 iliyobaki ni zinki na bati. Uzito wake ni gramu 3.11.

Marekani ilipoingia kwenye Vita Kuu ya Pili, shaba ikawa mali ya jeshi. Ilihitajika kwa maganda ya risasi, kwa nyaya za simu na kwa mitambo. Hivyo mwaka 1943 viwanda vya kupigia sarafu vya Philadelphia, Denver na San Francisco viliacha shaba, vikatumia chuma cha pua kilichopakwa zinki. Peni hizo zilikuwa nyeupe kama fedha, na uzito wake ni gramu 2.70. Zilipigwa zaidi ya bilioni 1. Watu hawakuzipenda: walizichanganya na senti kumi, na zikipata unyevu zilishika kutu. Mwaka 1944 shaba ikarudi, na sehemu yake ilitokana na maganda ya risasi yaliyokwisha kutumika.

Lakini palitokea kosa. Inaaminika kwamba vibamba vichache vya shaba, yaani vile viduara vitupu ambavyo havijapigwa chapa, vilibaki ndani ya vyombo vya kiwandani mwishoni mwa 1942. Vilipochanganyika na vile vya chuma, vikapigwa chapa ya 1943. Ndizo peni adimu za 1943 za shaba, na zinazojulikana duniani ni chache mno. Mwaka 1947 kijana wa miaka 16 huko Pittsfield, Massachusetts, aliipata moja kwenye chenji ya chakula shuleni kwake. Aliitunza maisha yake yote, na baada ya kufariki kwake iliuzwa mnadani mwaka 2019 kwa dola 204,000. Ile moja pekee inayojulikana kutoka Denver iliuzwa mwaka 2010 kwa dola milioni 1.7.

Na mwaka uliofuata kosa lilijirudia kinyume chake: vibamba vichache vya chuma vikapigwa chapa ya 1944. Hizo nazo ni adimu, na hizo ndizo zinazotakiwa kunata kwenye sumaku.

Bei kama hizo ndizo zinazowavuta matapeli. Wako wanaochukua peni ya chuma ya 1943, ambayo ya kawaida ina bei ndogo sana, wakaipaka shaba juu. Hii ndiyo aliyouziwa mzee wetu, na sumaku huiumbua papo hapo. Wako wengine wajanja zaidi: huchukua peni halali ya shaba ya 1948, wakakwangua upande wa kushoto wa ile 8 mpaka ifanane na 3. Hiyo hainati kwenye sumaku, na kwenye mizani itasoma gramu 3.11 sawasawa. Hapo inabidi kutazama tarakimu kwa kioo cha kukuzia. Tatu ya kweli ya 1943 ina mkia mrefu unaoshuka chini ya mstari wa tarakimu nyingine. Nane iliyokwanguliwa haina mkia huo.

Kwa hiyo mizani ni shahidi mmoja tu. Sumaku ni shahidi wa pili, na jicho ni shahidi wa tatu. Ukitaka kutoa fedha za ada, ngoja mashahidi wote watatu, kisha peleka kwa mtaalamu anayepima madini kwa mashine kabla hujalipa hata dola moja.

Kupima kama muuguzi

Nilipokuwa nasomea uuguzi hapa Marekani, mwalimu wetu wa wodi ya watoto alitufundisha jambo moja ambalo silisahau. Kabla hujamweka mtoto mchanga juu ya mizani, weka kwanza nguo utakayomlalia, rudisha mizani kwenye sifuri, ndipo umweke mtoto. Dozi ya dawa ya mtoto hukokotolewa kwa kilo za mwili wake. Ukikosea uzito, umekosea dawa.

Peni hupimwa kwa nidhamu hiyohiyo. Tafuta mizani ndogo ya dijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, yaani tarakimu mbili baada ya nukta. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima haitakusaidia, kwa sababu tofauti tunayoitafuta ni chini ya gramu moja. Iweke mahali tambarare, mbali na feni. Irudishe kwenye sifuri. Pima sarafu moja moja, mara tatu, na uandike daftarini.

Matokeo utakayoyapata ni haya. Peni za Lincoln tangu 1909 hadi 1982, ukiondoa zile za 1943, zina gramu 3.11. Za chuma za 1943 zina 2.70. Za zinki, zilizoanza 1982, zina 2.50. Sheria ya kiwanda inaruhusu kupungua au kuzidi kidogo: kwa ile ya shaba takriban gramu 0.13, na kwa ile ya zinki gramu 0.10. Ukipiga hesabu utaona peni ya shaba nyepesi kabisa bado ni nzito kuliko peni ya zinki nzito kabisa. Ndiyo maana hata mtoto wa darasa la tano anaweza kuzitenganisha bila kukosea.

Na tafadhali msizisugue. Najua sisi tumelelewa kung'arisha masufuria kwa majivu mpaka ujione uso. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza thamani yake kwa wakusanyaji, hata kama ni adimu.

Mwaka wa peni za sura mbili

Mwaka mzuri zaidi kwa watoto kuanzia ni 1982. Bei ya shaba ilikuwa imepanda hadi kuifanya peni iwe ghali kuitengeneza. Serikali ikaamua kubadili kiini chake: ndani zinki, nje utando mwembamba wa shaba. Kwa jumla peni hiyo ni asilimia 97.5 zinki na 2.5 shaba. Kwa macho huwezi kuitofautisha na ile ya zamani. Wahenga walisema, nyumba nzuri si mlango, fungua uingie ndani.

Kwa kuwa mabadiliko yalifanyika katikati ya mwaka, 1982 zilitoka peni za shaba na za zinki. Tena mwaka huohuo tarakimu za tarehe zilikuwa za namna mbili, kubwa na ndogo. Nazo zilitoka Philadelphia, ambazo hazina herufi, na Denver, ambazo zina herufi D chini ya mwaka. Ukichanganya hayo yote unapata aina saba zilizotoka kwa kawaida. Ya nane, yaani ya Denver, tarehe ndogo, shaba, haikutakiwa kuwepo. Mwaka 2016 mtu mmoja wa Minnesota aliyekuwa akipima peni zake aliikuta. Kilichomwonyesha ni mizani: tarehe ndogo, D chini yake, na uzito wa shaba.

Vilevile vipo vibamba vichache vya shaba vilivyoponyoka na kupigwa chapa ya 1983. Peni ya 1983 inayosoma gramu 2.50 ni senti moja tu. Inayosoma 3.11 ni sarafu adimu sana. Hapa sumaku haina msaada, maana shaba na zinki zote hazinati. Sikio linaweza kusaidia: idondoshe peni juu ya meza ngumu. Ya shaba hulia kama kengele ndogo, ya zinki hutoa mlio butu.

Nionye jambo moja hapa. Wapo wanaofikiri kukusanya peni za zamani wakaziyeyusha ili wauze shaba. Tangu mwishoni mwa 2006 serikali ya Marekani imepiga marufuku kuyeyusha senti moja na senti tano, na adhabu yake ni faini au kifungo. Kwetu sisi tulio na makaratasi ya uhamiaji mkononi, hilo si jambo la kuchezea.

Peni iliyokataliwa na madaktari

Sasa nirudi kwenye kazi yangu. Kabla ya zinki kulikuwa na jaribio jingine. Bei ya shaba ilipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1970, kiwanda kilipiga zaidi ya peni milioni 1.5 za alumini zenye mwaka 1974. Kila moja ilikuwa na uzito chini ya gramu moja. Nyingine waligawiwa wabunge kama sampuli ili waone.

Wenye mashine za kuuzia soda walilalamika. Lakini malalamiko yanayonigusa mimi ni ya madaktari wa picha za watoto. Watoto humeza sarafu, hilo kila mzazi analijua. Sarafu ya shaba huonekana kwenye eksirei kama duara jeupe, wazi kabisa. Alumini haizuii miale vizuri, hivyo peni iliyokwama kooni mwa mtoto ingekuwa vigumu kuiona. Mpango ukakataliwa na sarafu karibu zote zikayeyushwa. Moja imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Zile chache ambazo hazikurudi serikali inazihesabu bado ni mali yake, kwa hiyo hata ukiipata huwezi kuiuza kihalali.

Zinki iliyochukua nafasi nayo ina madhara yake. Peni ya zinki ikikwaruzika na kumezwa, asidi ya tumboni huila zinki, na ikikaa huko inaweza kuleta vidonda. Kwa hiyo wazazi, mtoto akimeza peni msingoje itoke yenyewe siku tatu. Mpelekeni hospitali, na kama mnayo peni nyingine aliyokuwa akichezea, ichukueni. Mwaka wake unamweleza daktari ni ya madini gani. Na mtoto chini ya miaka mitano asiachiwe sarafu hata kwa mafunzo.

Na kwetu je?

Mwanangu wa miaka 11 aliponiona napima peni, akaleta mkebe wa marehemu babu yake. Baba yangu alipofariki nilikuwa bado nasubiri karatasi zangu, sikuweza kusafiri kwenda kumzika. Binamu yangu alikuja baadaye na ule mkebe wa majani ya chai, ndani yake sarafu alizokuwa akizihifadhi. Ulikaa kabatini miaka sita, sikuwa na moyo wa kuufungua. Mtoto akaufungua yeye.

Akauliza, "Mama, hizi zinauzwa shilingi ngapi?" Nikamwambia tuanze kwa kuzipima.

Ya kwanza ilikuwa sarafu ya shaba ya manjano, imepigwa vibaya, herufi zimepinda, imeandikwa 20 Heller na mwaka 1916, na herufi T. Hiyo ni ya Tabora. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walizingirwa, sarafu hazikuweza kufika kwa meli, wakaanza kuzipiga wenyewe katika karakana ya reli Tabora. Walitumia shaba yoyote iliyopatikana, yakiwemo maganda ya mizinga. Ndiyo maana heller 20 za Tabora ziko za shaba nyekundu na za shaba ya manjano, na mkusanyaji huzitenganisha kwa madini yake. Hata dhahabu ilitumika: sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo ilitengenezwa kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Mwanangu alishangaa. Vita vya 1916 Tabora na vya 1943 Philadelphia, vyote vimeandikwa ndani ya chenji. Na kila mnaposema "sina hela", mnaitamka heller ya Mjerumani, kama vile "pesa" ilivyokuja na sarafu ya shaba ya Kihindi, paisa.

Ya pili ilikuwa shilingi ya Afrika Mashariki. Zilizopigwa tangu 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha halisi. Kuanzia 1948 fedha iliondolewa, ikawekwa shaba na nikeli. Hapa mizani hushindwa, kwa sababu uzito ulibaki karibu uleule, gramu 7.8 hivi. Lazima usome. Shilingi za 1948 zina badiliko jingine: jina la Mfalme George wa Sita limebaki, lakini cheo cha Mfalme Mkuu wa India kimeondolewa, maana India ilikwisha kujitawala mwaka 1947. Wazee wetu waliokuwa wakisoma sarafu vizuri waliona mapema kwamba dola ile inaweza kupunguzwa.

Ya tatu ni senti kumi yenye tundu katikati, ya mwaka 1936, yenye jina la Edward wa Nane. Mfalme huyo alijiuzulu mwaka huohuo kabla ya kuvikwa taji, na kwao Uingereza sarafu zenye jina lake hazikutolewa kutumika. Kwetu zilitumika, tulinunulia karanga.

Ya nne ni senti kumi nyingine, ya 1964. Shaba ileile, tundu lilelile. Nilimwambia mwanangu aisome mwenyewe. Akazungusha, akazungusha tena. "Mama, hakuna jina la mfalme." Ndivyo. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, lakini kwa muda watu waliendelea kununua chumvi kwa sarafu zenye jina la Malkia. Sarafu hizi za 1964 hazina mtawala wa kigeni. Kisha Benki Kuu ya Tanzania ikafunguliwa tarehe 14 Juni 1966, na mwaka huo zikatoka sarafu zetu wenyewe, zenye sura ya Mwalimu, na kwenye shilingi moja mkono ulioshika Mwenge.

Peni ya Marekani nayo imefika mwisho wa safari. Kuitengeneza kulikuwa kumefikia senti 3.69 kwa kila moja, na tarehe 12 Novemba 2025 zile za mwisho za matumizi ya kawaida zilipigwa Philadelphia, baada ya zaidi ya miaka 230. Zitaendelea kuwepo mifukoni, lakini zitapungua. Kwa hiyo huu ni wakati mzuri wa kukaa na watoto mezani, na mizani, sumaku na daftari.

Msitegemee utajiri. Sisi tulipima peni 1,140 na hatukupata hata moja adimu. Tulichopata ni jioni nane za kukaa pamoja bila simu, na mtoto anayejua Tabora iko wapi kwenye ramani.

Mzee wetu alikuja jioni ya mwisho. Alileta peni yake ileile ndani ya leso. Akamwambia mwanangu, "Haya mjukuu wangu, ipime." Mtoto akarudisha mizani kwenye sifuri, akaiweka, akasoma kwa sauti: mbili nukta saba nne. Akaandika: 1943, chuma, imepakwa shaba juu. Mzee akasema aiache kwenye mkebe, pamoja na zile za babu, ili wengine wajifunzie.

Siku ya sherehe mkebe utakuwa kwenye meza ya watoto, karibu na mlango. Mizani nitaileta mimi.